Pembe ya Paa Ambalo Sikulipanda

Mfangano, Jumapili alasiri

Kwa Baba yangu, nyumbani Uriri,

Nakusalimu wewe na Mama. Kifua chako kinasemaje na baridi hii? Na Mama, bado anaamka kusogeza karai kitandani mvua ikinyesha? Nikikumbuka maji yale yanavyodondoka kutoka kileleni mwa paa, usingizi wangu huku pia unakatika.

Mimi ni mzima. Kisiwani wamenizoea, wananiita Nyar Uriri, binti wa Uriri. Wengine huja karakana kutazama tu kama kweli mwanamke anakunja mabati, kisha wanaondoka bila kununua kitu.

Baba, wiki hii nimeona jambo ambalo mpaka sasa linanisisimua. Tulikuwa tunaezeka nyumba ya mzee mmoja hapa. Likabaki lile bati la kileleni tu, linalofunika mahali pande mbili za paa zinapokutana. Fundi wangu alikuwa amevuka kwenda Mbita kutafuta misumari, na wingu jeusi lilikuwa limeshakaa juu ya ziwa. Bati lenyewe lilikuwa moja, na ukilikunja vibaya ukalikunjua, linapasuka. Nikashika ngazi nipande kupima.

"Nyar Uriri, wapi hiyo?" mzee akaniuliza. "Hiyo ni kwer! Mwanamke hawezi panda nyumba yangu na mimi bado niko hai."

Mwiko huo unaujua kuliko mimi. Nikashuka. Na paa lenyewe, kama letu, upande mmoja umesimama na mwingine umelala, kwa hivyo huwezi kukisia.

Nikaketi juu ya tofali, nimenuna. Ndipo nikakumbuka hesabu ya shule: pembe tatu za pembetatu yoyote, ukiziweka pamoja, zinafanya mstari ulionyooka. Na paa ni pembetatu! Pembe mbili za chini, pale boriti inapokutana na mbao za paa, nilizifikia kwa kusimama mezani ndani ya nyumba. Nikakata vipande viwili vya katoni mpaka vikaingia sawasawa kwenye pembe hizo. Nikavilaza kwenye ukingo wa meza, kimoja kushoto, kingine kulia, ncha zikigusana. Nafasi iliyobaki katikati ndiyo pembe ya kileleni. Nikalikunja bati kufuata nafasi hiyo.

Fundi aliporudi akapanda nalo. Akalilaza kileleni. Halafu akapaza sauti: "Imekaa! Nani alikuja kupima huku juu?"

"Hakuna mtu," mzee akajibu. "Na mimi nilikuwa hapa nikimchunga."

Baba, sikufika kule juu, lakini pembe yake niliijua. Shuleni nilipata alama ya vema kwa hesabu hiyo na sikushangaa hata kidogo. Sasa nashangaa. Kila jioni nakata pembetatu kwenye pakiti za unga, nyembamba, nene, za ovyo ovyo, nachana pembe zake na kuzipanga, na kila mara zinanyooka. Nani aliziagiza zitii hivyo? Mungu ni fundi, Baba.

Sasa nisikilize. Nyumba yako siwezi kuipanda, na mafundi wa huko wamekisia mpaka wamechoka. Kata katoni mbili chumbani kwa Mama, moja kwa kila pembe ya chini. Kama kifua kinakusumbua, Mama asimame mezani. Meza si paa. Mpe shangazi vipande hivyo akija huku kununua omena, dagaa wa ziwani, naye atarudi na bati limeshakunjwa.

Msalimie Mama, shangazi, na kaka yangu mdogo anayejifanya hajui kuandika.

Nitumie pembe mbili tu. Ya tatu, ile iliyo juu ya kitanda cha Mama, iache. Nitaijua nikiwa huku.

Binti yako,
Akinyi