Swali la Bawabu

Tarehe 6 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, na nyingine mfikishie Shangazi kitandani pake. Mimi huku sijambo. Baridi imepungua na kikohozi changu kimeondoka nayo. Hali zenu? Mgongo wa Shangazi unasemaje?

Uliniambia kwamba jirani yako alikuuliza bintiyo anafanya kazi gani, ukamjibu "mambo ya kompyuta", na jibu hilo halikukuridhisha wewe mwenyewe. Ngoja nijaribu.

Kampuni yetu inahudumia hospitali kadhaa. Mgonjwa akitaka kujua siku yake ya kumwona daktari, anafungua ukurasa wetu kwenye simu. Ukurasa huo hautoki hewani. Unatoka kwenye kompyuta kubwa zinazoitwa seva. Si zetu. Tumezikodi, ziko katika mji nisioujua, ndani ya jengo ambalo sijaliona. Watu huuita mpango huo wingu, ingawa ndani yake hakuna wingu, ni mashine na feni tu. Zamani tulikuwa na seva moja, ikielemewa kila Jumatatu asubuhi. Sasa ziko nne, na mbele yake kunawekwa kitu cha kupokea watu wote na kuwagawa: wewe nenda huku, wewe kule. Kazini tunakiita kigawa mzigo. Mimi namwita bawabu. Kazi yangu ni kumfundisha bawabu amgawe nani wapi. Nimempa kanuni rahisi: kila mgeni apelekwe kwenye seva yenye wageni wachache kuliko nyingine.

Jambo jingine. Yule mama anayekuja kumsaidia Shangazi ameniandikia kwamba mwisho wa mwezi anahamia kwa mwanawe. Nitafute mwingine? Niambie kweli.

Binti yako


Tarehe 17 Machi

Mwanangu Bi Maswali,

Marahaba. Huku sisi wazima wa afya. Mgongo wa shangazi yako ni ule ule, lakini mdomo umepona kabisa. Jana alikunywa funda moja la chai akaniuliza tangu lini tunakunywa supu asubuhi. Nilikuwa nimetia chumvi badala ya sukari; vikopo vyenyewe vinafanana. Mimi nilicheka, yeye hakucheka.

Niwie radhi kwa kalamu hii nene. Zile nyembamba zimenichosha, zinaacha alama kama miguu ya sisimizi.

Nimefurahi kusikia kwamba hata mashine zenu zimepanga. Miaka yote hii nimeishi katika vyumba vya watu, nikijua wapi pa kupigilia msumari na wapi hapana ruhusa. Kumbe na wagonjwa wa hospitali nzima wamo katika nyumba ya kupanga, na wenyewe hawana habari. Usiwaambie.

Swali langu ni moja. Nilipokuwa msahihishaji kule kiwanda cha chapa, tulikaa wanne tukisoma kurasa, na msimamizi alipita nyuma ya viti kutazama nani amesinzia. Huyu bawabu wako amesimama nje ya mlango. Anajuaje kwamba aliye ndani bado yu hai?

Kuhusu msaidizi, usijisumbue. Tunajimudu. Husemwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Lakini dada yangu si mwenzio, na uzito wake nimeuzoea.

Baba yako


Tarehe 28 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inawakuta salama kama inavyoniacha.

Swali lako ndilo lililotubishanisha hapa ofisini. Kila baada ya sekunde chache bawabu anagonga kila mlango na kuuliza: hujambo? Seva ikijibu sijambo, anaendelea kuipelekea wageni. Isipojibu mara tatu mfululizo, anaitoa, na hakuna mgeni atakayeelekezwa kwake mpaka ijibu tena. Mimi nilitaka swali liwe refu kidogo. Wenzangu wakasema seva zisichoshwe na maswali, salamu inatosha. Nimekubali. Tumeanza Jumatatu, na hadi sasa hakuna aliyelalamika. Katika kazi yetu, huko ndiko kusifiwa.

Habari ya msaidizi nimemweleza Kaka. Amesema Baba akisema wazima, basi wazima. Naye anaomba kama unaweza kumpeleka Shangazi kliniki wewe mwenyewe kila mwezi, ili yeye asilazimike kusafiri. Utaweza?

Binti yako


Tarehe 9 Aprili

Mwanangu,

Sisi wazima. Shangazi anakusalimu, anauliza utaolewa au utaendelea kukaa na mabawabu.

Nimempenda huyu wako. Ana adabu: anasalimu kabla ya kutuma.

Kliniki nitampeleka, mwambie kaka yako asiwe na wasiwasi. Kusoma nimepumzika kidogo. Vitabu vya siku hizi wanabana herufi kuokoa karatasi, kama kwamba msomaji ndiye mwenye deni. Naandika kwa ufupi kwa kuwa jua limeondoka dirishani.

Baba yako


Tarehe 2 Juni

Baba yangu,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya hiki kirefu. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa na aibu.

Mwezi uliopita seva yetu ya tatu ilikatikiwa na njia ya kwenda ghalani, yaani mahali kumbukumbu za wagonjwa zinapohifadhiwa. Yenyewe haikuzimika. Bawabu alipogonga, iliitika sijambo kama kawaida. Lakini mgonjwa alipofungua ukurasa wake, ilimpa karatasi tupu yenye maneno mawili: huna miadi. Sasa sikiliza ubaya wake. Kutoa karatasi tupu ni kazi ya kufumba na kufumbua. Kwa hiyo ile seva iliwamaliza wageni wake upesi, ikaonekana daima ina nafasi, na bawabu, kwa kanuni niliyompa mimi, akazidi kuirundikia watu. Tatu zilizo nzima zilikaa karibu bure. Ile iliyo mgonjwa ndiyo iliyobebeshwa hospitali.

Kutwa nzima watu walisoma kwamba hawana miadi, wakabaki majumbani. Mmoja ni mwanamke aliyengojea upasuaji tangu mwaka jana. Nafasi yake alipewa mtu mwingine. Mkuu wangu hakunifokea. Alikuja akaniambia jina la yule mwanamke, akarudi kwenye kiti chake.

Swali nimelibadilisha. Bawabu haulizi tena hujambo. Anasema: nenda ghalani, niletee jalada moja, nilione. Ikileta, ni nzima. Isipoleta, hata iitike kwa adabu gani, haipati mgeni.

Nilipomaliza kazi hiyo nilizitoa barua zako. Mistari inateremka upande wa kulia, wewe uliyenifundisha kuandika nikiwa nimeshikiwa rula. Nikaiona chumvi. Nikaviona vitabu ulivyoviacha, na jua la dirishani. Na sisi wanao, Baba, kila ulipotujibu wazima, tulikuongezea.

Ningepiga simu, lakini kwenye simu unacheka na kunirudishia maswali yangu mwenyewe. Kwa hiyo sikuulizi hali. Nakuomba kitu kimoja. Chukua chupa ya dawa ya Shangazi, ninakilie maneno yaliyoandikwa kwenye lebo, hasa yale madogo ya chini kabisa.

Binti yako


Tarehe 11 Juni

Bi Maswali,

Marahaba. Sisi wazima.

Habari ya yule mwanamke imenihuzunisha, na aibu yako naiheshimu. Mtu asiyeona aibu kwa kazi yake asipewe kazi. Lakini baba hagongewi mlango kama mashine. Nilikusahihisha wewe kabla hujajua kushika penseli. Dada yangu hajakosa dawa hata siku moja: kijiko asubuhi, kijiko jioni, kwa mkono wangu.

Umetaka maneno ya lebo. Kunakili ni kazi ya karani. Nimeiloweka lebo yenyewe kwenye maji, nikaibandua, na nimeibandika hapa chini. Isome kwa macho yako uridhike, kisha tuzungumze mambo mengine.

Baba yako


Tarehe 20 Juni

Baba yangu,

Lebo imefika. Haikuchanika hata pembeni, umeibandua vizuri sana. Inasema: Wino mweusi. Tikisa kabla ya kutumia. Usinywe.

Nilimpigia jirani yako kabla sijashika kalamu. Amepanda kuwaona. Anasema chupa ya dawa iko rafuni na lebo yake, na ile ya wino iko ubavuni mwake, imebaki uchi. Zina umbo moja na kifuniko kimoja. Shangazi ni salama. Nilikaa sakafuni jikoni kwangu mpaka maji niliyokuwa nimeyabandika yakakaukia sufuriani.

Sikulaumu. Ila kuanzia sasa kliniki ni ya Kaka. Nimemwambia, na hakubisha. Msaidizi mpya anaanza Jumamosi, na dawa atazishika yeye. Macho yako yanatakiwa yaonwe na daktari, na huku kwangu wako wazuri. Mimi nakuja tarehe saba. Tumefikiri nikuchukue tuondoke pamoja, Kaka ahamie hapo kwa Shangazi, maana mgongo wake hauwezi safari ndefu.

Najua neno hili "nikuchukue" utalipokeaje. Kwa hiyo acha nikueleze jambo la mwisho kuhusu kazi yangu. Seva ikichoka, hatuizimi ghafla. Tunamwambia bawabu: usiipelekee wageni wapya. Wale waliomo ndani wanaachwa wamalize shughuli zao taratibu, na wa mwisho akitoka, ndipo inapopumzishwa. Hakuna anayekatwa katikati ya sentensi.

Nijibu wewe unavyotaka iwe. Lakini usiniambie wazima.

Binti yako


Tarehe 29 Juni

Binti yangu,

Mkono huu ni wa shangazi yako. Mimi nasema, yeye anaandika, na ameapa hataongeza neno lake. (Sijaapa.)

Sioni vizuri. Nimetaka hilo liandikwe kwanza kabla sijabadilisha nia. Jicho la kulia limeniaga tangu mwaka jana. La kushoto linaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Sikumwambia mtu, hata dada yangu ninayelala naye chumba kimoja. (Eti hakuniambia. Mtu anaipapasa meza kama anatafuta sindano, nami nimelala hapa namtazama kutwa. Niwe kipofu na mimi? Mficha maradhi kilio humfichua. Kila kijiko alichoniletea nilikinusa kwanza. Cha wino ningemrudishia usoni, kaka yangu au si kaka yangu.)

Nilimuuliza kwa nini alinyamaza. Akasema alingoja nimwombe anisomee. Macho yake yanasoma hata ufa wa dari. Siku zote hizo macho yalikuwa hapo kitandani, nami nahangaika rafuni.

Sasa nikueleze kitu ambacho uliwahi kuniuliza. Ulipokuwa mdogo ulitaka kujua kwa nini mama yako hakuvuka mpaka pamoja nasi. Nilikujibu kwamba atafuata. Ukauliza tena, na tena, kisha ukaacha, nami nikashukuru kwamba umeacha. Kwenye ile foleni palikuwa na mtu mwenye kalamu, akimuuliza kila mmoja: mzima? Mimi nilikuwa na homa, nawe umelala mgongoni kwangu. Nikasema mzima. Mama yako alikuwa nyuma yetu, ana homa ile ile. Yeye alisema kweli. Wakamsimamisha kando chini ya turubai, na foleni ikatusukuma mbele. Nilirudi kumtafuta kesho yake, na wiki ya pili yake. Turubai lilikuwa limeshaondolewa.

Tangu hapo, kila aliyeniuliza hali, nilimwona ana kalamu mkononi. Hata wewe, mwanangu. Hata wewe.

Ile habari ya seva inayoachwa imalize, nimesomewa mara tatu. Sikujua kwamba watu wanaweza kuondoa kitu kwa namna hiyo. Basi nifanyieni hivyo. Wageni wapya msilete: kliniki sitaki, masanduku ya mtu wa kuhamia hapa sitaki, wala dawa sitashika tena, anazishika msaidizi. Lakini huyu mmoja niliye naye, dada yangu, niachieni. Yeye anaona, mimi nina mikono. Yeye ananiambia sukari iko wapi, mimi namgeuza ubavu. Daktari wa macho nitamwona, kama yupo aliye karibu. Kuja kwako nitakuja, ila yeye akishamaliza. Asije mtu akamwambia kwamba nitafuata, wala mimi nisiambiwe kwamba yeye atafuata. (Hapa nimeandika kama alivyosema.)

Tarehe saba utatukuta. Mlango uko wazi mchana kutwa. Ukiingia usiniulize hali. Niambie: Baba, nivutie kiti. Nikikipata, kaa. Nikikikosa, nishike mkono unipeleke kilipo.

Baba yako