Baba, Nilianza na Hoja

Baba yangu uliyelala Nyakach,

Nimekaa, nimesimama, nimekaa tena. Baba mdogo amekuja hapa Kaloleni kutuhamisha. Anasema mjane hakai nyumba ya kaunsili huku boma lake kijijini Pap Onditi linaota nyasi. Na mimi mwakani nina mtihani wa kidato cha nne.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinichukua ukienda kuwaposea watu? Mshenga gani wewe! Unaulizia mvua, unasifu ng'ombe wa mwenye boma, unakula, unanawa, na bado hujasema kilichokuleta. Nikakunong'oneza, "Baba, si uwaambie twende." Ukacheka. "Nyamaza wewe. Mtu hakufungulii mlango ukiupiga teke."

Shuleni, kwenye mdahalo, nilifundishwa kinyume, tena kwa Kiingereza: hoja mbele, sababu zifuate, ushahidi, kisha umalizie na neno la kugusa moyo. Mimi ambaye hata jina langu darasani huliitikia kwa kunong'ona, niliupenda mpango huo. Nilijua pa kushika.

Basi jana, baba mdogo hata chai hajaonja, nikasimama. "Napinga kuhama. Sababu ya kwanza..."

Akamgeukia Mama. "Shemeji, huyu mtoto ananisomea taarifa ya habari?"

Hata Mama alicheka, Baba. Nikamaliza sababu zangu zote nikitazama sakafu. Sauti ilitoka, lakini mwenyewe nilitamani niwe nje.

Jioni nikampelekea maji ya kunawa. Nikaulizia mvua ya huko. Nikamuulizia yule fahali wake mwenye pembe moja. Aliongea mpaka ugali ukapoa, halafu akanikazia macho. "Unazunguka kama marehemu baba yako. Haya, sema."

Hapo maneno yakaisha. Yote! Nikasema tu, "Nataka kumaliza shule."

Akanawa mkono. "Wacha kuche, nyathina."

Ameniita mtoto wake. Hiyo ni ndiyo, ama ni pole? Kumekucha na bado hajatoka chumbani. Sijui kilichomfikia ni heshima, ni huruma, au ni kule yeye mwenyewe kukutaja wewe. Ungeniambia, ulikuwa unasoma uso wa mtu kabla hajafungua mdomo. Leo nakukumbuka kwa uchungu zaidi kuliko siku ya mazishi. Siku ile kulikuwa na watu wa kunishika.

Mama anafunga vyombo kwenye gunia, polepole, bila kuniangalia. Mimi nakuja nyuma yake, nafungua.

Pumzika, Baba. Mimi bado siwezi.

Ni mimi, kitinda mimba wako