Baba, Wamekata Waya wa Kengele

Shikamoo Baba.

Nimemaliza kidato cha nne. Mama ni mzima, ng'ombe amezaa, na migomba ya upande wa mfereji imeangushwa na upepo. Ningeishia hapo, lakini nina hofu, na hapa nyumbani hakuna wa kuielewa ila wewe.

Baba mdogo Elia amechukua nafasi yako melini. Alipokuja likizo alisimulia kwamba jenereta mbili zikifanya kazi pamoja, kengele inalia kila mara na moja inajitoa. "Inatusumbua kama mama mkwe," akasema. "Tumeikata waya!" Wote wakacheka. Mimi niliweka chini bakuli langu la mtori.

Ulinifundisha kwa zile sauti ulizonirekodia kwenye chumba cha mashine. Jenereta zikigawana mzigo sawa, mngurumo ni mmoja. Moja ikilegea, ile nzima huanza kuisukuma ile iliyolegea badala ya kuhudumia meli. Waya huohuo wa kengele ndio huamuru ile mbovu itengwe kabla hazijaharibika zote na meli kubaki gizani katikati ya bahari. Ulisema, "Ikilia, mwanangu, usiinyamazishe. Tafuta inalilia nini."

Unajua nilivyo, mbele ya wakubwa sauti hunikwama. Asubuhi ya kuondoka kwake nilikata jani la isale pembeni ya kaburi lako, nikampelekea kwa mikono miwili. Akashtuka.

"Neema, isale huletwa na mkosaji. Umenikosea nini?"

"Sijakukosea. Naomba urudishe ule waya."

Anajua kwa mila yetu isale halikataliwi. Akalipokea. "Haya, mama, nimesikia," akasema, akapanda gari.

Jana ametutumia salamu za sauti kwenye simu, ana furaha kabisa. Nyuma yake nikasikia mngurumo ukipanda, ukishuka, ukipanda. Nimeurudia mpaka Mama akaninyang'anya simu. Kengele hailii; waya haujarudishwa. Nimempigia baba mdogo, hapatikani.

Simu yako ya zamani bado ina namba ya mhandisi mkuu wa meli. Nimeichaji. Hanijui, Kiingereza changu kitatetemeka, na baba mdogo huenda asinisamehe kwa kumsemea. Nikimaliza mstari huu nampigia, Baba, na sitaacha mpaka apokee.

Wewe pumzika. Zamu hii nimeipokea mimi.

Mwanao,
Neema