Kisanduku Kitupu kwenye Ukurasa wa Kaka

Jumapili, 2 Machi

Shikamoo Baba Mdogo,

Mgongo umepoa? Sisi wazima. Ile tovuti ya ukoo imeshafunguka. Kila mtu ana ukurasa wake, na ndugu yeyote, popote alipo, anabonyeza "Hariri" na kuongeza anachokijua. Nimeisambaza kwa kila ninayemfahamu. Tatizo ni ukurasa wa Baba. Shangazi anataka nijaze kisanduku cha tarehe ya kufariki, yaishe, maana tangu aondoke, wewe naye mkiwa mmenuniana, mimi sijaanza hata shule, hajasikika. Nijaze?

Mwanao

Alhamisi, 6 Machi

Mwanangu kipenzi,

Marahaba. Mgongo wangu ni chuma, kinachouma ni kiti. Usijaze kitu! Shangazi yako hata chai huinywa haijachemka. Kaka hawezi kufa bila kuniaga, hata kwa matusi. Ukurasa huo niachie mimi. Shule niliikimbia mapema, ila waliolia ni walimu. Nimekaa juu ya kochi la mteja ninalolishona upya, sponji nje nje, naandika kwa kidole kimoja jinsi nilivyomwokoa kaka utotoni kwenye shimo la maji la kiwanda cha matofali. Tulikuwa wawili tu. Kina kilikuwa cha ghorofa nzima! Nilimtoa begani, na baiskeli yake juu.

Baba Mdogo wako, shujaa

Jumanne, 18 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo kwa afya, kwa hasira naumwa. Kuna mtu anafuta maneno yangu! Jina hakuweka. Nikirudisha, anafuta tena. Baiskeli imekwenda, ghorofa imekwenda! Kama ni mume wa shangazi yako, mwambie kochi lake silishoni. Mfungie mlango huyo.

Baba Mdogo wako

Jumatano, 19 Machi

Shikamoo Baba Mdogo,

Kaa chini kwanza. Tovuti inatunza kila badiliko, nimefungua nikaangalia. Ameandika hivi: "Uongo. Aliyezama ni mdogo wangu. Nilimvuta kwa mkanda wa suruali, ukakatika, akarudi nyumbani ameishikilia suruali kwa mikono miwili, analia."

Ulisema mlikuwa wawili tu. Ule mkanda ni kweli?

Mwanao

Jumatano hiyo hiyo

Mwanangu,

Salamu baadaye. Mkanda ni kweli, na hakuna mwingine duniani anayeujua. Nimekaa sakafuni katikati ya misumari, mteja kaniuliza kama nimefiwa. Nimemwambia, kinyume chake! Namba ya kaka hatuna, ila dawa yake naijua. Nimeandika sasa hivi kwamba kwenye mbio nilikuwa namshinda kila siku. Hilo hawezi kulivumilia.

Baba Mdogo wako

Jumapili, 30 Machi

Shikamoo Baba Mdogo,

Umeamkaje? Mimi nimekuwa nikifungua ule ukurasa hata nikiwa nakoroga uji. Leo amefuta. Ameandika: "Hajawahi kunishinda hata kutembea. Nakuja, athibitishe mbele ya binti yangu." Chini yake, namba ya simu.

Nimepiga. Ni yeye. Aliniita kwa lile jina la utotoni. Halafu akauliza, "Huyo muongo mgongo wake vipi?"

Mwanao

Jumatatu, 31 Machi

Mwanangu,

Mwambie mgongo umepona. Leo sishoni chochote, nanyoosha miguu. Habari ya mkanda iache ilivyo. Nilitaka kukuomba ufute lile neno "analia", lakini liache nalo, atalirudisha tu.

Na kile kisanduku kiache kitupu. Kinapendeza hivyo hivyo.

Baba Mdogo wako, bingwa wa mbio