Mfano wa Kumi na Saba

Jumatatu, 12 Mei 2025

Arobaini imepita juzi. Bado niko edani, sitoki. Nasrin amepiga simu kutoka Mbeya — yule wakili aliyekuwa anatengeneza na marehemu mume wangu, Anwari, programu ya kugawa mirathi. Anataka laptop yake. Jumamosi mawakili wenzake wanakuja kuona kazi, na yote imo humo.

"Wifi, bila hiyo miaka yetu mitatu imepotea."

Yetu! Mimi nilikuwa napeleka chai. Nikiingia wanaongea mafungu ya warithi kwenye simu, wanacheka. Mtu anachekaje hesabu? Nimeishia kidato cha pili. Nikasema nitafikiri.

Jumatano, 14 Mei

Baridi. Nimeipangusa laptop. Kuna unga wa chapati katikati ya herufi. Alikuwa anakula huku anaandika. Nikimgombeza, anapuliza tu.

Simpi.

Alhamisi, 15 Mei

Amekuja mwenyewe, na basi la alfajiri. Mdogo kuliko sauti yake. Nikamwambia anionyeshe kwanza walichokuwa wanafanya. Nywila anaijua! Mimi sikuwahi kuambiwa.

Akajaza: marehemu, mke, mama, ndugu. Akabonyeza — kila mtu na fungu lake. Kazi nzuri, ndiyo maana inauma. Kuna mifano arobaini ya kujaribia, yote Fulani na Fulani. Nikaisoma mmoja mmoja. Wa kumi na saba: Marehemu, Anwari. Watoto, hakuna. Wake, wawili. Mwanahawa, ndiyo mimi, thumni, moja ya nane. Wa pili hana jina, thumni.

Robo yangu ya mke asiye na mtoto imekatwa katikati.

"Huyu nani?"

"Lazima tujaribu wake wawili, wifi. Hata wanne. Tusipojaribu, itakosea mbele ya hakimu."

"Wengine wote ni Fulani. Mbona hapa niko mimi? Anwari ananiandikiaje mke mwenza?"

Akatazama vidole vyake. "Si yeye. Niliandika mimi. Alipouona alikaa nao wiki nzima, kisha akaniambia niufute."

"Laptop ni yake. Mbona yeye hakuufuta?"

Nikainuka.

Naandika haya chumbani. Yeye yuko sebuleni, laptop iko mapajani mwake, mlango uko wazi. Basi la kurudi Mbeya litakuwa limeshapita. Hajaondoka. Nasikia anapenga kamasi, polepole, kama mtu anayejificha.

Mimi nikilia, majirani wa hapa Mlandege wananiletea uji. Huyu kule Mbeya, nani alimpa pole?