Kibuyu Nilichokikataa kwa Baba Mkwe

Kadutu, Bukavu, tarehe 7 Oktoba 1957

Maman Apolline, wewe unayetujibu gazetini kila Ijumaa,

Nakuandikia jicho moja likiwa limefungwa kitambaa, kwa hiyo unisamehe mistari ikipanda na kushuka. Nina miaka thelathini na mbili, ni karani katika kampuni ya kahawa, na kabla ya haya yote nilikuwa mtu wa kusalimiwa njiani, nikiimba sauti ya pili kanisani na kupiga mashine ya kuandika bila kutazama vidole, leo hata nguo zangu zinanitazama kama mgeni.

Mwaka jana sikio langu la kuume lilianza kulia kama mbu aliyefungiwa ndani, kisha likanyamaza kabisa, nikaanza kuyumba, na docteur akasema kuna uvimbe umeota juu ya mshipa wa kusikia, karibu na ubongo, usipotolewa utaniua, basi nikapelekwa Léopoldville kwa ndege, docteur wa vichwa aliyetoka Ulaya akanipasua nyuma ya sikio, na nilipoamka akaniambia kwa upole kwamba uvimbe umetoka wote, lakini mshipa wa uso ulikuwa umeshikamana nao, hakuweza kutoa kimoja akaacha kingine. Nilirudi nyumbani mwezi wa sita. Watu walisema nimepona.

Maman, upande wa kuume wa uso wangu umelala na hauamki, jicho halifungi hata nikisinzia, chakula kinabaki shavuni mpaka nikitoe kwa kidole, mate yanashuka bila mimi kujua, na nikitembea kwenye mteremko wetu wa Kadutu natafuta ukuta kama mlevi, na mlevi ndilo jina nililopewa kwanza. Mke wangu Virginie alikuwa akinipaka jicho mafuta ya docteur kila jioni na kulifunga kwa kitambaa, bila kusema neno, na mimi nilikuwa nageuza uso ukutani ili asinitazame. Baadaye majirani waliacha ulevi wakashika jambo lingine, wakasema uso unaopinda namna hii ni karuho, sumu ya watu, na kwamba niliila kwa wakwe zangu, kijijini Mumosho, kwa sababu sikio lilianza kulia baada ya sikukuu tuliyokula kule. Sikuliamini hata siku moja, ila sikulikanusha, nilikuwa nimechoka.

Mwezi wa nane baba mkwe, muzee Mushagalusa, alituita Mumosho kumshukuru Mungu kwa kupona kwangu, ukoo wake wote ukakaa uani, kikaletwa kibuyu cha kasiksi, na unajua desturi yetu, pombe ya ndizi haipewi mgeni kabla mwenye nyumba hajaionja, basi muzee akanywa kwanza, akanywa sana, watu wote wamtazame, kisha akanipa kibuyu kwa mikono miwili pamoja na mrija wake. Midomo yangu haiwezi kufunga mrija, Maman. Nilikuwa nimejaribu nyumbani kwa siri, pombe yote ikatokea pembeni ikashuka shingoni. Nilifikiri jinsi itakavyoshuka mbele ya shemeji zangu, nikakisukuma kibuyu kwa mkono na kutikisa kichwa.

Muzee akasema polepole, "Mutoto wangu, nilikupa binti yangu. Leo unawaza niko mulozi?"

Nilikuwa na jibu, lakini maneno yangu siku hizi yanatoka pamoja na mate, nikatazama chini. Virginie akanishika mkono, akasema, "Sema kitu, Stani. Hata neno moja."

Sikusema. Nilirudi Bukavu peke yangu juu ya mizigo ya camion, lori la soko, na muzee akatuma ujumbe kwamba binti yake hawezi kumpikia mtu anayemwita baba yake mchawi. Sasa ni wiki ya saba. Jicho nalifunga mwenyewe na nalifunga vibaya. Barua nimeandika tatu na kuzichana zote. Mara nyingi nawaza heri docteur angeniacha na uvimbe wangu, ningekufa na uso mzima na mke kando ya kitanda. Niambie, je, nimwache Virginie atafute mwenye uso kamili? Naomba tu usitoe jina langu.

Stanislas

*

Mwanangu,

Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nililia, mara ya pili nilikasirika, na ninakujibu nikiwa bado nimekasirika.

Uso wako hautarudi, sikio pia. Nilizalisha wanawake miaka ishirini, najua mshipa uliokatwa ni kitu gani, na atakayekuuzia majani ya kuuamsha ni mwizi. Lia, basi. Msiba ni msiba hata kama kilichozikwa ni nusu ya shavu. Lakini uvimbe haukumfukuza mke wako. Haya yako ndiyo iliyomfukuza.

Mfikirie muzee. Maneno ya majirani zako yalikuwa yamefika Mumosho kabla yako, maneno kama hayo hayangoji camion. Alikunywa sana mbele ya ukoo wake ili kujisafisha machoni pako, na wewe uliyejua kwamba hana kosa ukamwachia uchafu mikononi. Eti ulikuwa umechoka. Hata yeye ana umri wa kuchoka.

Na Virginie unamwonea. Miezi yote aliyokufunga jicho hakukuomba uso kamili. Alikuomba neno moja, ukamnyima.

Sasa sikiliza. Shika fimbo, acha kiburi, maana anayeyumba na fimbo ni mgonjwa, asiye na fimbo ndiye mlevi. Usiende peke yako, mchukue mtu mzima wa ukoo wako akushike upande wa kuume, na muzee umwombe akae kushoto, kwenye sikio lililo hai. Beba kasiksi ya kwako. Mbele ya walewale waliokuona ukikataa, tia mrija unywe wewe kwanza. Itamwagika. Iache imwagike, usijifute, na uvae shati jeupe la kazini ili hata bibi asiyeona vizuri aone. Ndipo useme, mate yatoke yasitoke: "Papa, sikukatala kibuyu yako. Ni kinywa yangu ilikatala." Halafu mpe kibuyu kwa mikono miwili, unyamaze, ungoje.

Siwezi kukuahidi kwamba atakipokea. Wiki saba ni nyingi kwa mtu aliyeitwa mchawi nyumbani kwake. Akikirudisha, utajua uchungu aliouonja, na utarudi tena mwezi ujao.

Jambo la mwisho ni la haraka. Nimebadilisha majina yote kama ulivyotaka, lakini uso wako sikuweza kuubadilisha, na neno Mumosho nimeliacha kwa makusudi. Gazeti hili linafika kule Jumapili, na baada ya sala katekista huwasomea kwa sauti wasiojua kusoma. Mkwe wa kule mwenye nusu uso ni mmoja tu. Leo ni Ijumaa, na camion ya soko inaondoka kesho alfajiri. Ukimwacha muzee akayasikia haya kwanza kwenye kinywa cha katekista, utakuwa umemrudishia kibuyu mara ya pili.

Maman Apolline