Chumvi ya Mama Mkwe na Wageni wa Kiangazi

Shangazi Evangelina, shikamoo. Pole na kazi ya kubeba mizigo ya watu, leo pokea na wangu, maana umenikaa kifuani na hapa nyumbani sina wa kumweleza.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nimeolewa Nyakakika, na nina marafiki wawili, Adelgunda mwenye duka la vitenge Kayanga na Benitha wa halmashauri, wote watu wa Muleba, na kilichotuunganisha sisi ni kula, sikufichi, wengine huunganishwa na kwaya, sisi ni chakula, basi kila kiangazi tunakwenda kwa mmoja wetu Ijumaa hadi Jumapili kupikiwa vya nyumbani, hakuna cha hotelini wala cha kununua njiani, mwaka jana Benitha alitulisha samaki kwao mpaka Adelgunda akalegeza sketi mbele ya baba mwenye nyumba bila haya, na mwaka huu zamu ni yangu, wanakuja wiki mbili zijazo, na tangu Pasaka hawaniulizi habari za watoto, wananiuliza habari za ndizi za mama mkwe wangu.

Shangazi, mama mkwe wangu, Ma Salvina, anajua ndizi. Anakwenda mwenyewe kibanjani, kwenye migomba yetu, kuchagua mkungu, anamenya, anapanga ndizi na maharage kwenye sufuria, anatia maji na chumvi, kisha anafunika na majani ya mgomba, jani juu ya jani, na kuyakandamiza, na akishafunika hakuna wa kufunua wala kuonja, ndio utaratibu wa nyumba hii, atafunua yeye mwenyewe mbele ya walaji. Marafiki zangu walikula ndizi hizo siku ya ubatizo wa mwanangu wa mwisho, wakarudi kwao wanamtaja njia nzima.

Lakini tangu baba mkwe afariki, chumvi imezidi. Mwanzoni tulidhani mkono umeteleza, sasa ni kila siku, watoto wakitoka kula wanakimbilia mtungi wa maji, mume wangu Clavery anameza kimya kimya halafu anasema, "Mama, leo umetuweza," naye anafurahi, anasema chakula cha siku hizi kimepooza, anajinyunyizia nyingine juu. Nilijaribu kupika mimi, akaja akakaa mlangoni na miguu yake iliyovimba, akaniuliza, "Mwanangu, na hili nalo unaninyang'anya?" Nikampisha. Tangu siku hiyo hatoki jikoni, hata dawa zake za presha anazimeza humo humo.

Kwa hiyo Clavery akasema tumpeleke Bugomora kwa wifi yangu, Restuta, mpaka wageni waondoke, na Restuta amekubali kupiga simu siku moja kabla aseme mwanawe anaumwa, Mama atakimbia kwenda, namjua. Sasa juzi naingia kibanjani nakuta mkungu mmoja umefungwa kamba ya mgomba, nikawauliza watoto, wakasema, "Bibi amekataza tusiuguse, ni wa wageni wako." Nikarudi ndani nikalia. Nikimwacha apike nitaaibika mbele ya marafiki zangu, nikimdanganya sijui nitamtazamaje usoni. Nifanye nini, Shangazi?

Mkamwana, Nyakakika

*

Marahaba, mwanangu. Nilimcheka Adelgunda na sketi yake, nilipofika kwenye mkungu uliofungwa kamba kicheko kikaisha. Pole sana. Anayelia kwa ajili ya mama mkwe wake si mtu mbaya. Wapo wanaoniandikia kila wiki wakitaka niwafundishe namna ya kuwahamisha moja kwa moja.

Ila acha nikuseme kidogo. Mtoto anaumwa? Mnataka kumpandisha mjane mwenye miguu iliyovimba kwenye pikipiki mpaka Bugomora, moyo ukimwenda mbio, afike amkute mjukuu anacheza mpira? Na ataujua ukweli, kwa sababu nyumba yenye watoto watatu haina siri. Mpigie Restuta leo hii umwambie hiyo simu isipigwe. Yeye naye alikubali upesi mno, mwambie nimesema.

Sasa chukua barua yako uisome upya. Umeandika miguu iliyovimba. Umeandika dawa za presha. Umeyapita haraka kwa kuwa ulikuwa unawakimbilia wageni. Mwanangu, Adelgunda na Benitha wataila chumvi hiyo kwa siku chache, watakunywa maji, watakwenda zao. Ma Salvina anaila kila siku, anajiongezea, na nyumba nzima inamwambia amewaweza! Mnamheshimu mpaka mtamuua. Ni neno kali na silifuti, na huyo Clavery umpe gazeti alisome mwenyewe.

Mtu aliyepika vizuri maisha yake yote hapotezi chumvi hivi hivi. Huenda ulimi hauonji tena kama zamani, kwa umri, kwa ugonjwa, kwa dawa, au kwa huzuni ya mume aliyemzika. Mimi si daktari, na ninyi pia si madaktari. Mpelekeni hospitali wiki hii, kabla ya wageni, mbebe dawa zake zote, na mseme wazi habari za miguu na za chumvi. Msimwachie aseme mwenyewe, atasema yuko salama tu.

Kabla ya hapo zungumza naye. Usimtume Clavery, huyo ataishia kumsifia tena. Nenda wewe, mkae chini mnamenya pamoja, kila mtu na kisu chake, maana ukiwa na kazi mikononi maneno magumu yanatoka. Usimwambie watoto wanalalamika, wala usiwataje wageni. Mwambie, "Mama, chumvi imezidi siku nyingi, tuliogopa kukuambia, na inakuumiza. Kuanzia leo nitatia mimi kabla hujafunika. Mengine yote ni yako." Atanuna. Huenda asile siku hiyo, huenda akakukumbusha kwenu ulikotoka. Mwache aseme, usimjibu, na kesho yake asubuhi uwe jikoni kama kawaida. Mara ya kwanza alipoumia ulimpisha ukaondoka. Safari hii kaa.

Kuhusu marafiki zako, waambie kwamba Mama anaumwa na chakula kitakuwa na chumvi kidogo. Anayetaka zaidi ajitilie kwenye sahani yake, si kwenye ya Mama. Kama wanapenda chakula kweli kama unavyosema, wataelewa. Kama hawaelewi, basi wewe hukuwa na marafiki, ulikuwa na wateja. Na daktari akisema Mama apumzike, waahirishe bila kujieleza sana. Ndizi za kiangazi kijacho zitakuwepo tu, hazina haja ya wewe kuzipigania. Mpiganie mpishi, naye awepo.